Tovuti ya nyumba ya wageni imefungwa, na kila muuzaji ananivuta kwake

Mwanangu mshauri,

Pokea marahaba kabla hujaniamkia, maana nina miaka 58 na najua nyinyi mnaoandika mambo ya kompyuta wengi wenu ni vijana.

Nina nyumba ya wageni hapa Pangani, vyumba saba, si mbali na mto. Wageni wangu ni wa namna mbili. Wako wa Dar na Tanga mjini, wanaoingia Ijumaa na kuondoka Jumapili. Na wako Wazungu, wengi Wajerumani, wanaokuja kwenda kisiwa cha Maziwe, nao hulala siku nne, tano. Hao wa pili si wengi, lakini ndio wanaoniwezesha kupaka nyumba rangi kila mwaka, na wote hunipata kwa tovuti na barua pepe.

Tovuti alinitengenezea mtoto wa dada yangu miaka minne iliyopita, akiwa bado chuoni. Sikumlipa kitu zaidi ya nauli na pweza wa kubeba. Kila mwaka huniambia, "Mama mdogo, tuma 150,000 ya tovuti," natuma kwa simu, yamekwisha. Mwaka jana akapata kazi Mwanza, akaoa. Mwaka huu hakunikumbusha, nami nikasahau.

Wiki tatu zilizopita mgeni wa Ujerumani akanipigia WhatsApp kuniambia barua pepe zake zinarudi. Kufungua tovuti, nakuta ukurasa mweupe wenye Kiingereza kifupi, kwamba akaunti imesimamishwa. Nikampigia kijana, hakupokea. Usiku akaniandikia, "Nitaangalia mama mdogo." Hadi leo naangalia mimi. Kumsema siwezi, mama yake ana presha na neno dogo kwake linakuwa msiba.

Nimeanza kuulizia, na ndiko nilikopotea. Kijana mmoja wa Tanga mjini anataka 450,000 anitengenezee tovuti mpya, kisha 120,000 kila mwaka, kila kitu ndani. Kampuni moja ya Dar inasema 90,000 kwa mwaka, tovuti na barua pepe, na nalipa kwa simu. Binti yangu naye kaniletea tangazo la kampuni ya nje: dola 2.99 kwa mwezi. Mmoja ananipa GB 10, mwingine GB 100, wa tatu bila kikomo. Nina vyumba saba, hizo GB nitazilaza wapi?

Na shoga yangu mwenye duka la vitenge anasema niachane na tovuti, Instagram inatosha.

Nimekuwekea jina la tovuti, hilo tangazo la dola, na picha nane za nyumba upate kuona ni kitu gani tunachozungumzia. Nifuate lipi?

Mama wa Vyumba Saba, Pangani

*

Shikamoo Mama.

Nitakujibu ni ipi kati ya hizo tatu, lakini kuna jambo lenye haraka kuliko kuchagua, na usilipe yeyote kabla hujalimaliza.

Ukurasa ule mweupe una habari njema. Kama jina la tovuti lingekuwa limekufa, ungekuta kitu kingine: matangazo matangazo, au ukurasa wa kuuza jina, au simu ingekwambia haioni kitu. Ukikuta "akaunti imesimamishwa" maana yake jina bado liko hai na linaelekeza watu mahali pake, ila mwenye nyumba amefunga mlango kwa sababu ya kodi. Hivi ni vitu viwili na vina ankara mbili. Jina, au domeini kama vijana wanavyoliita, unalikodi kwa mwaka kutoka kwa msajili. Hostingi ni nafasi kwenye kompyuta ya mtu (seva), iliyowashwa usiku na mchana, ambako kurasa zako, picha na barua pepe zinakaa. Zile 150,000 zako zilikuwa zinalipa vyote viwili na pengine na vocha ya kijana, ndiyo maana hukuwahi kuviona mbalimbali.

Nimeliangalia jina lako kwenye kitafutio cha ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, ambacho yeyote anaweza kukitumia bure. Limebakiza miezi miwili na siku kadhaa. Jina la mmiliki halionekani. Tangu 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilipoanza kazi, wasajili wengi huficha. Lakini kwa ulivyonisimulia sina shaka limeandikwa kwa jina la kijana wako, na barua pepe ya kijana wako, pengine ile ya chuo ambayo haifungui tena. Ndiyo maana hakukukumbusha: vikumbusho vilikwenda mahali ambapo hakuna mtu.

Mafaili yako je? Kampuni ikimsimamisha mteja kwa kawaida haifuti vitu vyake siku ile ile, lakini pia haivitunzi milele. Wewe uko wiki ya tatu. Kwa hiyo deni hilo lilipwe wiki hii, hata kama una nia ya kuhama kesho yake. Unalipia ufunguo wa kuingia kutoa vyombo vyako. Barua pepe za miaka minne, pamoja na majina ya wageni waliokwisha kulala kwako, zimo humo humo. Zile zilizotumwa katikati ya wiki hizi tatu sitakudanganya: ama zilirudi papo hapo, ama seva ya mtumaji ilijaribu tena kwa siku chache hivi, halafu ikakata tamaa na kumrudishia mwenyewe. Mjerumani wako alikuwa na moyo wa kupiga simu. Wengine wamekwenda kulala kwa jirani.

Sasa kijana. Usimpigie mchana wa kazi, na usianze na lawama. Mpigie Jumapili jioni, uliza hali ya mkewe kwanza, halafu mwambie unataka kumtua mzigo huu, kwamba umeamua kuushika mwenyewe. Nakuhakikishia atashusha pumzi. Mimi nimefanya kazi miaka kadhaa upande wa kupokea simu katika kampuni ya hostingi, na wengi wa hao wanaoandika "nitaangalia" si wakorofi: wamesahau paswedi, wanaona aibu, na kila siku inayopita aibu inaongezeka. Mwambie deni la mwezi au mwaka utalipa wewe. Kisha akufanyie mambo matatu, na mpe wiki moja. Apakue nakala nzima ya tovuti, mafaili pamoja na hifadhidata, yaani ghala la maandishi ya tovuti, kwa sababu mafaili peke yake bila hifadhidata ni kuta bila fanicha. Akupe njia ya kuingia kwenye hostingi. Na jina alihamishie kwenye akaunti yako.

Hilo la tatu lina namna yake. Fungua akaunti yako kwenye kampuni ile ile ambako jina limesajiliwa, halafu yeye alisukume kutoka akaunti yake kuja yako. Mara nyingi ni bure na huchukua dakika chache. Usikimbilie kulihamishia kampuni nyingine sasa hivi, maana lako linaishia na .com, na mmiliki akibadilika linaweza kufungwa siku 60 lisihame. Litulie hapo, ulilipie miaka miwili mbele. Na barua pepe utakayoandikisha isiwe ile ya jina la tovuti yenyewe. Weka Gmail yako ya kawaida. Nimewaona watu wenye biashara kubwa kuliko zako na zangu wamekwama hapa: jina limekwisha muda, barua ya kurejesha paswedi inatumwa kwenye anwani ya jina lile lile lililokwisha muda. Umefungia funguo ndani ya gari.

Likikupita je? Jina la .com likiisha haliendi siku hiyo. Kampuni nyingi hukupa muda wa neema, unaweza kufika siku 45, ulipie kwa bei ya kawaida. Baada ya hapo ni siku 30 za kulikomboa, na neno ni hilo hilo, kukomboa, kwa bei inayouma. Halafu siku tano, kisha yeyote duniani analichukua. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, mwezi mmoja kabla, kwa kalamu nyekundu.

Tuje kwenye ofa. GB kwanza, kwa kuwa umeuliza vizuri kuliko wauzaji wanavyojibu. Tovuti ya vyumba saba iliyotengenezwa kwa akili haifiki hata GB 1. Kinachojaza ni barua pepe zenye viambatisho. GB 10 ni nyingi kwako, na "bila kikomo" ni maneno ya dirishani. Wewe una nyumba ya wageni, unalijua hili: unaweza kuandika kwenye kibao "maji saa 24", lakini simtanki ni moja, na siku mgeni wa chumba namba mbili akifua nguo zake zote, wa chumba namba sita anaoga kwa kikombe. Hostingi ya bei nafuu ni simtanki ya kushirikiana. Mko makumi au mamia kwenye seva moja. Kikomo kipo, ila kimeandikwa kwa lugha nyingine: nguvu ya prosesa, kumbukumbu, idadi ya mafaili. Uliza hizo tatu, GB waachie wenyewe.

Tangazo la binti yako nimelisoma hadi chini, kule kwenye maandishi ya sisimizi. Hizo dola 2.99 ni kama ukilipa miezi 48 kwa mkupuo, yaani dola 143.52 siku ya kwanza. Ukimaliza, bei ya kuendelea ni dola 10.99 kwa mwezi, sawa na dola 131.88 kwa mwaka. Si wizi, imeandikwa. Lakini aliyeona 2.99 haoni hiyo. Na utahitaji kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, na mtu wa kuchati nao kwa Kiingereza usiku tovuti ikigoma. Ukiwa na binti wa kuifanya kazi hiyo, kampuni za namna hii huwa na mitambo mizuri. Ila binti naye ataolewa Mwanza.

Watu watakwambia seva ikiwa nje tovuti itakuwa nzito. Kidogo ni kweli. Ombi kutoka Dar kwenda Ulaya na kurudi hutumia sehemu ndogo ya sekunde, na ukurasa una maombi mengi, kwa hiyo yanajumlishika. Mnakumbuka 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikalegea Afrika Mashariki yote. Siku kama ile, mtu wa Dar ana nafasi kubwa ya kufungua tovuti iliyoko Dar kuliko iliyoko London. Lakini Mjerumani wako siku hiyo hiyo ni kinyume chake. Kwa wageni wako wa namna mbili, mizani inakaribia kulingana, nami nisingeamua kwa hilo.

Kinachokuchelewesha wewe ni kitu kingine, na umenitumia mwenyewe. Zile picha nane. Nimezipima: jumla MB 40, na ile ya kitanda chenye chandarua peke yake ina MB 6.2, kama ilivyotoka kwenye simu. Kama ndivyo zilivyopandishwa kwenye tovuti, mtu mwenye intaneti ya megabiti nne kwa sekunde anasubiri sekunde 80 kuziona zote. Hasubiri. Seva iwe Dar, iwe Frankfurt, iwe sebuleni kwako, sekunde hizo haziondoki. Nimeichukua ile ya chandarua nikaipunguza hadi upana wa pikseli 1,600 na kuihifadhi upya: KB 210. Pale mlipolishona tundu kwa uzi wa bluu bado panaonekana. Picha zote nane kwa ukubwa huo ni kama MB 1.7, sekunde tatu na ushei. Hakuna hostingi ya bei yoyote inayoweza kukupa haraka ya namna hiyo.

Kijana wa Tanga sina neno baya naye. Kuwa na mtu unayeweza kumfuata dukani kwake ni mali. Lakini "kila kitu ndani" ndiyo maneno yaliyokufikisha hapa. Karibu hakika yeye hana seva. Ananunua nafasi kwa jumla na kuwauzia rejareja, jambo la halali kabisa, ila akiumwa au akihama mko wote kizani. Na 450,000 za tovuti mpya za nini? Ya zamani ipo, imefungwa tu. Kama ilitengenezwa kwa WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, na ya mwanachuo wa miaka minne iliyopita nina hakika kiasi kwamba ni hiyo, inahamishika ikiwa nzima kwa kazi ya nusu siku. Mpe kazi ndogo: apunguze picha, asasishe programu, abadilishe bei za vyumba. Mlipe kwa kazi, si kwa mwaka.

Kwa hiyo mimi ningeenda kwa hiyo kampuni ya Dar ya 90,000, kwa sharti moja: wapimwe kwanza. Jumamosi saa mbili usiku, kabla hujalipa senti, waandikie kwa njia wanayosema ndiyo ya msaada. Uliza kama wanakuhamishia tovuti ya WordPress bila malipo, na nakala rudufu wanaziweka wapi. Halafu tazama saa. Ukijibiwa usiku ule au asubuhi yake, na jibu likawa jibu, umepata watu. Ukitumiwa orodha ya bei, hao ni wauza duka. Nikiwa kazini tulikuwa na zamu ya Jumamosi usiku yenye mtu mmoja tu, mimi, na simu mbili. Najua kampuni inavyoonekana saa hiyo, na haifanani na ile ya Jumanne asubuhi.

Swali la nakala rudufu silisemi kwa kujaza ukurasa. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la seva la kampuni ya OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa. Mamilioni ya tovuti zikazimika, na wako wateja waliokuja kugundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa pale pale kwenye moto. OVH si kibanda, ni kati ya kampuni kubwa za Ulaya. Nakala ya kampuni iwe jengo jingine, na yako uwe nayo mwenyewe: kila mwezi mtu akupakulie, uweke kwenye flashi ndani ya ile droo ya risiti.

Mengine kwa haraka. Cheti cha SSL, kile kinachofanya anwani ianze na https, usikubali kutozwa pembeni. Shirika la Let's Encrypt wanakitoa bure na hujihuisha chenyewe seva ikipangwa vizuri. Bila hicho, tangu Julai 2018 Chrome humwandikia mgeni kwamba tovuti si salama, na Mjerumani akiona hivyo hatumi hata jina lake. Wakikuahidi kuwa hewani asilimia 99.9, ujue hiyo bado inaruhusu karibu saa tisa za kuzimika kwa mwaka, na fidia huwa ni kupunguziwa vijisenti kwenye ankara. Waombe wakuwekee rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua pepe imetoka kwako kweli, uwatajie hivyo hivyo kwa herufi. Bila hizo majibu yako kwa wageni yanaweza kuangukia kwenye kapu la taka, nawe unadhani wamekudharau. Na mkihama, hostingi ya zamani isifungwe mpaka umeona tovuti mpya inafunguka kwenye simu yako na ya binti yako, kwenye mitandao miwili tofauti. Subirini siku mbili tatu.

Shoga yako wa vitenge yuko sahihi kwa vitenge. Instagram endelea nayo. Lakini mgeni anayetoka Hamburg anataka mahali pa kusoma bei, ramani na jinsi ya kufika, na barua pepe ya kuuliza. Kitakachochukua nafasi ya tovuti yako ni zile tovuti kubwa za kuuzia vyumba, ambazo hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi. Kwa chumba cha 80,000 hiyo ni 12,000 kila usiku. Usiku nane wa mgeni aliyekujia moja kwa moja umekwisha kulipa hostingi ya mwaka, na 6,000 inabaki ya vocha.

Anza na simu ya Jumapili. Nimekutumia ile picha ya chandarua kwenye Gmail yako, ikiwa na KB 210. Ifungue kwenye simu hapo hapo mapokezi, halafu ufungue na ile ya kwanza, uone ipi inatangulia.